Kumtathmini mtoto aliye hatarini na familia yake: hatua kwa hatua, pamoja na nadharia zilizo nyuma yake

Mtoto alikuwa hajatimiza miaka minne. Nilipoingia tu sebuleni alinikimbilia, akapanda mapajani na kuniegemea kifuani kama mtu aliyenijua tangu azaliwe. Nikaandika kwenye daftari: "Mtoto mchangamfu, anapenda watu." Baadaye, akicheza uani, alijikwaa akachubuka goti. Akalia. Mama yake alikuwa ameketi pale pale karibu, lakini mtoto alimpita akaja kwangu. Nikampangusa goti. Sikuandika chochote.

Jioni msimamizi wangu alisoma maelezo yangu, nikamsimulia ziara yote. Nilipofika kwenye goti alinikatisha. "Alimkimbilia nani?" Nikamwambia. "Basi hilo ndilo ulilopaswa kuandika."

Nilikuwa nimeliona tukio kwa macho yangu, ila sikuwa na nadharia ya kuniambia kwamba lina uzito. Kisha nikaingia katika kosa la upande wa pili: nikasoma kidogo kuhusu mfungamano wa mtoto na mlezi, nikajiaminisha kwamba yule mama anamtelekeza mwanawe. Hilo nalo halikuwa kweli. Tathmini nyingi huharibikia hapo, kati ya kutoona na kuona haraka mno. Mwongozo huu ni wa afisa ustawi wa jamii, mwalimu mnasihi, muuguzi na yeyote anayetumwa kwenda kuangalia hali ya mtoto. Fomu mtakuwa nazo tayari. Mimi nitazungumzia kufikiri.

Hatua ya 1: Je, mtoto atalala salama leo?

Nadharia zote husubiri mpaka swali hili lijibiwe. Kuna dalili zisizongoja kikao: mtoto mchanga ambaye hajaanza kutambaa lakini ana michubuko, michubuko ya masikio, shingo au kiwiliwili kwa mtoto mdogo, mahali ambapo kuanguka kwa kawaida hakufiki sana, jeraha ambalo maelezo yake hubadilika kila mlezi anapoulizwa, mtoto mdogo aliyeachwa peke yake, mtoto anayesema kwa kinywa chake kwamba anaumizwa. Hapo apelekwe kwa daktari, na mamlaka zijulishwe saa hiyo hiyo kwa utaratibu wa sheria ya nchi yako. Usimhoji kwa kina, kwani kazi hiyo ina watu waliofunzwa. Andika maneno yake kama alivyoyasema, saa, na nani alikuwepo.

Kutoamini ni sehemu ya hatari yenyewe. Mwaka 1962 daktari wa watoto C. Henry Kempe na wenzake nchini Marekani walichapisha makala iliyowafanya madaktari wakubali jambo ambalo picha zao za eksirei zilikuwa zikiwaonyesha muda mrefu: kwamba baadhi ya mifupa iliyovunjika ilivunjwa na wazazi. Ushahidi ulikuwepo. Kilichokosekana ni utayari wa kuufikiria.

Hatua ya 2: Weka pande tatu mezani

Uingereza ilitoa mwaka 2000 muundo wa tathmini uliochorwa kama pembetatu, na nchi nyingi zimeuiga kwa namna zao. Upande wa kwanza ni mahitaji ya makuzi ya mtoto: afya, elimu, hisia na tabia, utambulisho, mahusiano, jinsi anavyojionyesha mbele za watu, na stadi za kujihudumia. Upande wa pili ni uwezo wa mzazi au mlezi: huduma za msingi, kuhakikisha usalama, upendo unaoonekana, kumchangamsha mtoto akili, kumwekea mipaka, na uthabiti wa malezi. Upande wa tatu ni familia na mazingira: historia ya familia, ndugu wa ukoo, makazi, ajira, kipato, nafasi ya familia katika jamii na huduma zilizopo karibu.

Chini ya mchoro huo kuna wazo la mwanasaikolojia Urie Bronfenbrenner, aliyeeleza mwaka 1979 kwamba mtoto hukua ndani ya duara zilizozungukana: nyumba, shule na majirani, kazi ya mzazi, sera na mila. Duara za nje humfikia mtoto hata kama hazijui. Mama aliyebadilishiwa zamu ya usiku hajabadilika kuwa mama mbaya, ila mtoto wake sasa analala bila mtu mzima.

Ndiyo maana umaskini na utelekezaji havipaswi kuandikwa kwa kalamu moja. Jiulize: kama familia hii ingepata fedha au huduma inayokosekana, hali ya mtoto ingebadilika? Kama jibu ni ndiyo, familia inahitaji msaada, na kumwondoa mtoto hapo ni kumwadhibu kwa ufukara wa wazazi wake. Kama chakula kipo na mtoto halishwi, kama dawa imetolewa bure na hapewi, swali limehamia upande wa pili wa pembetatu.

Nimesoma ripoti nyingi, na karibu zote zina udhaifu mmoja: matatizo ya wazazi yamejaza kurasa, na mtoto ana mistari mitatu. "Anaendelea vizuri. Anasoma. Msafi." Ukiona ripoti yako iko hivyo, kazi bado.

Hatua ya 3: Beba nadharia chache, uzijue vizuri

*Mfungamano.* John Bowlby, tabibu wa akili wa Uingereza, aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1951 akieleza madhara ya mtoto kukosa mlezi wa kudumu. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi naye, alikwenda Uganda mwaka 1954 akawatembelea majumbani akina mama wa Kiganda wa familia 26, akitazama jinsi watoto wao wanavyocheza, wanavyolia na wanavyotulizwa. Alichokiona ndicho unachoweza kukiona na wewe: mtoto humtumia mlezi wake kama kituo. Hutoka, huchunguza dunia, na akiogopa au kuumia hurudi kituoni. Akisha kutulia, hutoka tena.

Kwa hiyo katika ziara usitafute kukumbatiana tu. Tazama nyakati tatu: mtoto anapoogopa, anapoumia, na mlezi anapoondoka na kurudi. Je, mtoto anamfuata mlezi? Je, mlezi anaitambua ile ishara, na akiitambua anafanya nini? Anayechuchumaa na kumwambia "pole, imeuma?" na anayesema "nyamaza" bila kugeuka wanamfundisha mtoto mambo mawili tofauti kuhusu dunia.

Kuna mtoto anayesogea kwa mlezi halafu akaganda njiani, au akamkaribia huku amegeuza uso. Watafiti Mary Main na Judith Solomon waliieleza tabia hii miaka ya 1980. Mara nyingi ni mtoto aliyekwama: anayemkimbilia ndiye anayemwogopa. Na kuna mtoto anayemkumbatia kila mgeni. Tabia hiyo imeonekana sana kwa watoto waliolelewa katika vituo vya kulelea watoto ambako walezi hubadilika kila mara. Watu wengi huiita uchangamfu. Mimi niliiita hivyo.

Lakini sikia onyo. Upimaji rasmi wa mfungamano una utaratibu wake na watu waliofunzwa kuusoma. Dakika 40 sebuleni hazikupi haki ya kumbandika mtoto jina la kitaalamu. Tena mtoto anaweza kufungamana na zaidi ya mtu mmoja: bibi, shangazi, kaka mkubwa. Swali la kwanza la mfungamano ni "mtu wake ni nani?" na wengi hulirukia la pili, kwamba mfungamano huo ukoje.

*Makuzi.* Huwezi kusema mtoto amechelewa kama hujui wenzake wa umri huo wanafanya nini. Jifunze hatua za kawaida za lugha, mwendo na mchezo, na utazame kadi ya kliniki: mstari wa uzito uliokwenda sawa miezi minane kisha ukashuka unakuambia utafute nini kilitokea mwezi wa tisa.

*Majeraha ya utotoni.* Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 na Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao uliwauliza maelfu ya watu wazima nchini Marekani kuhusu mabaya waliyoyapitia wakiwa watoto. Kadiri yalivyokuwa mengi, ndivyo magonjwa na matatizo ya ukubwani yalivyoongezeka. Matokeo hayo ni ya kundi kubwa la watu. Anda mwenyewe, pamoja na wenzake, alionya mwaka 2020 dhidi ya kutumia idadi ya mabaya hayo kama alama ya kumpima mtu mmoja mmoja. Hesabu ya mabaya haikuambii yalitokea akiwa na umri gani, yalidumu kwa muda gani, wala nani alikuwa upande wake.

*Ustahimilivu.* Hili la mwisho nalipenda, na linasahauliwa. Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, kwa miongo kadhaa. Miongoni mwa waliokulia katika hatari nyingi, takriban theluthi moja walikua watu wazima wenye uwezo na wenye kujali wengine. Jambo lililojirudia katika maisha yao ni kuwa na walau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kukoma. Katika kila tathmini, mtafute mtu huyo kwa jina. Kama yupo, mpango wako uanzie kwake. Kama alikuwepo na ametoweka, umepata jambo zito.

Hatua ya 4: Soma faili, uchore mfuatano

Kabla ya kugonga mlango, soma kila kilichoandikwa, hata kama faili ni nene. Kisha andika mfuatano wa matukio kwa tarehe: kuzaliwa, kuhama, kulazwa, kubadili shule, taarifa za majirani, mzazi mpya kuingia nyumbani. Kazi hii inachosha na haina sifa, lakini hakuna chombo kinachoishinda. Taarifa sita za miaka minne, kila moja ikiwa imefungwa kama "ndogo", zikipangwa katika ukurasa mmoja zinaweza kusema jambo ambalo hakuna hata moja iliyolisema peke yake. Utelekezaji hasa hauna tukio moja la kukushtua; huonekana kwa kurudiarudia.

Halafu chora mti wa familia wa vizazi vitatu pamoja na wote wanaoishi nyumbani humo, na uulize nani analala wapi. Swali hilo la vitanda huibua watu ambao hawakutajwa: mpenzi wa mama, mjomba aliyerudi, binamu wa miaka 17. Wanaume husahauliwa mno katika tathmini, kama watu wa hatari na kama watu wa msaada. Baba anayeishi mbali lakini anapiga simu kila Jumapili ni taarifa.

Hatua ya 5: Mwone mtoto, na uzungumze naye

Victoria Climbié alifariki Uingereza mwezi Februari 2000 akiwa na miaka minane, baada ya mateso ya muda mrefu mikononi mwa shangazi wa baba yake na mpenzi wa mwanamke huyo. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Laming ilieleza mwaka 2003 kwamba vyombo husika vilikuwa na nafasi zisizopungua 12 za kuingilia kati. Maofisa walizungumza sana kuhusu makazi ya familia na maombi ya msaada ya yule mlezi. Mtoto mwenyewe alizungumzwa naye kidogo mno.

Kwa hiyo panga muda wa kuwa na mtoto bila mlezi kuwepo, mahali anapojisikia salama, kwa lugha anayoiota usiku. Mkalimani asiwe mlezi wala ndugu. Mwambie wewe ni nani na kwa nini umekuja. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Ahadi hiyo huenda ukalazimika kuivunja, na atakayeumia ni yeye. Mwambie, "Ukiniambia jambo linaloonyesha huko salama, nitawaambia watu wanaoweza kusaidia, na nitakueleza ni nani."

Maswali yawe wazi. "Niambie ilivyokuwa jana tangu ulipoamka" humwachia mtoto njia yake. "Mama alikupiga, siyo?" humwekea jibu mdomoni, na utafiti kuhusu kumbukumbu za watoto umeonyesha kwamba wadogo hasa huvutwa kirahisi na maswali ya namna hiyo, zaidi yakirudiwa. Kimya chako ni chombo pia: hesabu polepole hadi kumi kabla ya kujaza pengo. Anayependa kuchora achore nyumba yake na kusimulia nani yumo. Usisome michoro kama mganga, sikiliza simulizi.

Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na yakazingatiwa kulingana na umri na ukomavu wake. Kwa mtoto asiyesema bado, maoni yake ni mwili wake: anavyojikunja, anavyotazama, anavyolia au asivyolia. Mtoto mchanga asiyelia hata anaposhughulikiwa vibaya anaitwa "mpole" na wageni. Wewe usimwite hivyo upesi.

Hatua ya 6: Wazazi

Anza na siku ya kawaida. "Nielezee jana, tangu asubuhi" itakupa zaidi ya "unamlea vipi mtoto?", swali ambalo kila mzazi analijua jibu lake la kupendeza. Uliza na walivyolelewa wao. Mtu aliyechapwa utotoni hajahukumiwa kuchapa, ila anavyoisimulia historia hiyo, kwa uchungu, kwa kuificha au kwa kuielewa, kutakusaidia.

Tofautisha kukubali na kubadilika. Mzazi anayeitikia kila unachosema na asifanye hata kimoja ni tofauti na mzazi anayekugombeza mlangoni lakini kesho yake akampeleka mtoto kliniki. Andika waliyoyatenda.

Hatua ya 7: Chambua katika safu tatu

Hapa ndipo kazi ilipo. Mtafiti Eileen Munro alichambua ripoti 45 za uchunguzi wa mateso ya watoto zilizotolewa Uingereza kati ya 1973 na 1994, na katika makala yake ya 1999 alionyesha kosa linalojirudia: wataalamu huchelewa mno kubadili maoni waliyoyajenga mwanzo. Taarifa inayokubaliana nao hupokelewa mikono miwili, na inayowapinga hutiliwa shaka.

Dawa yake ni karatasi yenye safu tatu. Ya kwanza: nilichoona au kusikia. Ya pili: kinaweza kumaanisha nini, na yawepo maelezo yasiyopungua mawili. Ya tatu: nikiona nini nitajua kwamba nimekosea.

Chukua lile goti. Safu ya kwanza: "Alipochubuka alimpita mama yake, akaja kwa mgeni. Mama alimtazama, akanyanyuka nusu, akaketi tena." Ile nusu ya kunyanyuka niliikumbuka nilipolazimika kuandika kwa uangalifu, nayo ilibadilisha kila kitu. Safu ya pili: labda mtoto amezoea kutopata faraja kwa mama, labda mtu wake ni mwingine, labda mama mwenyewe anaogopa kukataliwa. Safu ya tatu: nikijua nani alimlea tangu azaliwe, nitaweza kuondoa mojawapo.

Nikarudi nikauliza. Mama akatazama chini. "Dada, mimi na huyu ndiyo kwanza tunazoeana." Alikuwa amefanya kazi mbali. Mtoto alilelewa na bibi yake, na bibi alikuwa amefariki miezi mitatu iliyopita. Nilikuwa nimemtazama mtoto aliyefiwa na kituo chake, na mama ambaye kila akinyanyuka kumbembeleza, mtoto alimgeuzia mgongo, mpaka mama akaacha kunyanyuka. Faili langu halikuwa na neno "msiba" popote.

Hatari ilikuwepo kweli: mtoto anayekwenda kwa yeyote anaweza kwenda kwa mtu mbaya. Lakini mpango wa familia iliyofiwa haufanani hata kidogo na mpango wa mzazi mtelekezaji.

Safu hizo zipeleke kwa msimamizi au mwenzako, na umwombe akupinge. Mtu unayeshinda naye ofisini na anayekubaliana nawe kila siku hakufai kwa kazi hii.

Hatua ya 8: Andika, pangeni, rudi

Ripoti nzuri hujibu: nini kinatutia wasiwasi au kinamweka mtoto hatarini, nini kinakwenda vizuri, tunaelewa vipi sababu zake, nini kitamtokea kama hakuna kitakachobadilika, na nani atafanya nini kabla ya lini. "Mama aboreshe malezi" si mpango. Hakuna anayejua ameufikia lini. "Mama atakuwa nyumbani mtoto anapolala, siku tano kwa wiki, na tutaangalia pamoja tarehe 14" unaweza kupimwa. Epuka "familia yenye matatizo" na "mama mkaidi". Mtoto huyu anaweza kuja kulisoma faili hili akiwa na miaka 20.

Weka tarehe ya kupitia upya tathmini siku ile ile unapoikamilisha, na uigeuze mapema kama kuna mtu ameingia au ametoka nyumbani.

Kisha wasomee familia ulichoandika, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutamweka mtoto hatarini. Yule mama alisikiliza ripoti yangu yote bila kunikatiza. Nilipomaliza aliomba nirekebishe sehemu moja tu, niliyoandika kwamba bibi "alimlea mtoto kwa muda". "Siyo kwa muda," alisema. "Tangu ana miezi minne." Nikafuta, nikaandika miezi minne, akatia sahihi.